Kimebaki nini? Maneno ya Kiingereza ya uharibifu na uzito wa kila moja

Usiku wa kuamkia 15 Machi 2019, kimbunga Idai kiliingia nchi kavu karibu na mji wa Beira, Msumbiji. Siku chache baadaye Shirikisho la Kimataifa la Vyama vya Msalaba Mwekundu na Hilali Nyekundu likatangaza kwamba asilimia 90 ya Beira na viunga vyake ilikuwa "damaged or destroyed". Ukiyapitisha maneno hayo haraka unaandika "imeharibiwa", na msomaji wa Tanga au Kisumu anauona mji mzima umelala chini. Taarifa yenyewe haikusema hivyo. Ilisema karibu mji wote umeguswa, na ndani ya hiyo asilimia 90 kuna mafungu mawili: palipoumia na panatengenezeka, na palipokwisha kabisa.

Kwa watu wa misaada tofauti hiyo ndiyo inayoamua kitakachopakiwa kwenye lori. Nyumba iliyo "damaged" imeezuliwa mabati, ukuta umepata ufa, maji yameingia hadi kitandani. Mwenyewe anahitaji mabati, mbao, misumari na fundi. Iliyo "destroyed" haina cha kuezeka. Mwenye nyumba hiyo anahitaji hema leo, na msingi mpya baadaye. Wanaofanya tathmini huzihesabu katika safu mbili, na mfasiri anayezimwaga katika neno moja anafuta kazi ya watu waliotembea kwenye matope nyumba kwa nyumba.

Nafasiri habari za mashirika ya nje, na naona maneno ya uharibifu ndiyo yanayopotea kirahisi kuliko mengine. Kiingereza kimeyaokota kila mahali, kwenye Kilatini, kwenye Kifaransa, kwenye lugha za mabaharia wa kaskazini, na kamusi nyingi huyapanga kama visawe. Mara chache sana yanaweza kubadilishana nafasi. Kinachonisaidia mimi kuyatenganisha ni maswali mawili. La kwanza, baada ya tendo kimebaki nini? La pili, aliyetenda alikuwa na nia gani, au hakuna aliyetenda?

"Damage" linaacha kitu kikiwa bado ni kile kile: gari lililobonyea, mazao yaliyopigwa na mvua ya mawe, sifa iliyochafuliwa. Mtu aliyegongwa na gari haitwi "damaged". Huyo kajeruhiwa, na Kiingereza nacho kina neno lake, "injured". Ila kiungo chake kimoja, ini au ubongo, kinaweza kupata "damage". Na kuna mtego wa herufi moja: "damages", kwa wingi, katika lugha ya mahakama ni fidia. Ukisoma kwamba mahakama imempa mtu "damages", amelipwa, hakuharibiwa.

"Destroy" linatoka kwenye neno la Kilatini lenye maana ya kufumua kilichojengwa. Kitu kinakoma kuwa kitu. Ndiyo maana linakaa vizuri kwa vitu visivyo na matofali: ushahidi uliochomwa moto, imani kati ya watu wawili, kazi ya mtu iliyojengwa miaka 30. Lina pia matumizi ambayo yamewapotosha wengi. Taarifa rasmi za Kiingereza zikisema mbwa aliyemng'ata mtoto alikuwa "destroyed", mbwa huyo ameuawa kwa amri, tena mara nyingi kwa sindano ya daktari wa mifugo. Hakuna kilichovunjwa wala kuteketezwa.

Kwa majengo, neno la kuangalia ni "demolish", na mkazi wa Dar es Salaam analifahamu kwa jina la bomoabomoa. Kwanza inakuja alama ya X kwa rangi nyekundu ukutani, halafu notisi, halafu tingatinga. Ndivyo watu wa Bonde la Msimbazi walivyoliona neno hili mwishoni mwa 2015. Ndani yake kuna mpango, kuna mamlaka, kuna siku iliyowekwa. Tetemeko la ardhi kwa kawaida halifanyi "demolition". Jirani yake "raze" ana mzizi mmoja na neno la wembe: ni kukwangua hadi usawa wa ardhi, kiasi kwamba hata ukuta wa kufika gotini haubaki.

Ukuta wa kufika gotini, tena wa kufika darini, ndio mali ya neno "ruin". Asili yake ni kuporomoka, na kwa wingi, "ruins", ni magofu. UNESCO iliandika magofu ya Kilwa Kisiwani na Songo Mnara kwenye orodha ya Urithi wa Dunia mwaka 1981, ikayaweka kwenye orodha ya yaliyo hatarini mwaka 2004, ikayatoa huko 2014. Mji umekufa, lakini matao ya Msikiti Mkuu bado unayatembea chini yake. Kama Kilwa ingekuwa "razed", wavuvi wa leo wangekuonyesha kichaka tu.

Na hapo hapo Kilwa linaingia neno jingine. Julai 1505 meli za Mreno Francisco de Almeida zilifika, askari wakapora nyumba hadi nyumba. Mwezi uliofuata ikawa zamu ya Mombasa, ambayo ilichomwa moto. Wanahistoria wanaoandika kwa Kiingereza huita jambo hilo "sack". Ni neno la gunia. Mji unatiwa guniani: uporaji unatangulia na uharibifu unaufuata. "Mombasa iliharibiwa" ni sentensi ya kweli, ila imemficha mtu aliyeondoka na mzigo.

"Ruin" likiwa kitenzi linapungua ukubwa na kuzama zaidi. Gauni la harusi lililomwagikiwa wino liko pale pale kwenye kiti, kila uzi upo, na bado ni "ruined" kwa sababu kazi liliyoshonewa haliwezi tena kuifanya. Mfanyabiashara aliye "ruined" amefilisika. "Spoil" linakaa karibu, na ni jepesi zaidi: chakula kimechacha, mtoto amedekezwa.

"Devastate" linataka nafasi. Ndani yake kuna wazo la kufanya mahali pawe patupu, kwa hiyo linafaa kwa wilaya, bonde, pwani nzima. Beira lilifaa. Linatumika vilevile kwa moyo wa mtu: aliyefiwa akisema kwa Kiingereza kwamba yuko "devastated", amevunjika moyo, ameishiwa nguvu. Nimekutana na tafsiri iliyosema mama mfiwa "ameharibiwa", na kwa Kiswahili hilo ni tusi kwa mama wa watu.

Lipo pia "havoc", ambalo leo ni fujo na vurugu zinazoacha hasara. Zamani lilikuwa ukelele. Kamanda akilitamka, askari wameruhusiwa kuvunja safu na kupora. Kwa kuwa jeshi linalopora haliwezi kupigana, amri za kijeshi za Mfalme Richard II wa Uingereza, mwaka 1385, zilimtishia kukatwa kichwa yeyote atakayelipiga bila idhini.

Linalozua ugomvi mkubwa kuliko yote ni "decimate". Asili yake ni adhabu ya jeshi la Roma. Kikosi kilichokimbia vita kiligawanywa kwa makundi ya watu kumi kumi, wakapiga kura, na aliyeangukiwa na kura aliuawa na wenzake tisa kwa marungu au mawe. Polybius, aliyeandika juu ya jeshi hilo, anaeleza yaliyowapata waliobaki: walipimiwa shayiri badala ya ngano, na wakaamriwa kulala nje ya boma la kambi. Katika vita dhidi ya Spartacus, mtumwa aliyeongoza uasi dhidi ya Roma karne ya 1 kabla ya Kristo, jemadari Crassus aliifufua adhabu hii ambayo ilikuwa imeachwa kwa muda mrefu. Kwa maelezo ya Plutarch, mwandishi wa Kigiriki, alichukua watu 500 waliokuwa wa kwanza kukimbia, akawagawa mafungu 50, na kila fungu likatoa mmoja.

Kwa hiyo hesabu ya mwanzo ilikuwa ndogo, na ilikusudiwa iwe ndogo. Jeshi lilibaki na tisa katika kila kumi, wote wakiwa na hofu. Mwaka 1655 huko Uingereza serikali ya Oliver Cromwell, iliyotawala bila mfalme, iliwatoza waliokuwa wafuasi wa mfalme kodi ya sehemu ya kumi ya mapato yao, na kodi hiyo ikaitwa kwa jina hilo hilo, bila damu yoyote kumwagika. Taratibu neno likahama. Hesabu ya tembo wa Tanzania ilikuwa takriban 109,000 mwaka 2009. Kufikia 2014 walihesabiwa takriban 43,000. Gazeti la Kiingereza likisema ujangili uliwa-"decimate" tembo hao, linamaanisha waliangamia wengi mno, na kila msomaji ataelewa hivyo.

Wapo wanaoshikilia kwamba neno hili halina ruhusa ya kuzidi asilimia kumi. Siwaungi mkono. Maana ya neno inashikwa na wanaolisema, na waliolisema kwa maana ya moja ya kumi wamekwisha siku nyingi. Hata hivyo alama ya Roma haijafutika. Bado linataka kundi la wengi, na bado linataka wabaki wachache wa kusimulia. Nyumba moja haiwezi kuwa "decimated", wala kundi lililokwisha lote. Kiswahili kina kitenzi kinacholingana nalo vizuri sana, kupukutisha. Majani yamepukutika, mti upo.

Katika afya ya umma maneno haya yana mipaka iliyowekwa kwa makusudi. Kudhibiti ugonjwa, "control", ni kuushusha hadi kiwango kinachovumilika huku juhudi zikiendelea. "Eliminate" ni kuufikisha sifuri katika eneo fulani, nchi au kisiwa, wakati bado upo kwingine na unaweza kurudi na abiria wa boti ya jioni. "Eradicate" ni sifuri dunia nzima, kiasi kwamba chanjo zenyewe zinaweza kusimamishwa. Mzizi wa neno hili la mwisho ni mzizi kweli: kung'oa hadi mizizi. Mpango wa malaria wa Zanzibar uliwahi kubeba jina la "control", ukaja kuchukua la "elimination". Kubadili neno hilo ni kubadili kazi. Katika kudhibiti unahesabu wagonjwa kwa jumla. Katika kutokomeza unamfuatilia mgonjwa mmoja mmoja hadi mlangoni kwake, uwapime na wanaoishi naye.

Magonjwa yaliyong'olewa hadi mizizi ni mawili tu. Ndui ni la kwanza. Mgonjwa wa mwisho aliyeambukizwa kwa njia ya kawaida alikuwa Ali Maow Maalin, mpishi wa hospitali mjini Merca, Somalia, Oktoba 1977. Alipona, na miaka mingi baadaye akawa anapita akiwahimiza wazazi wachanje watoto wao dhidi ya polio, kazi aliyokuwa nayo hadi alipofariki mwaka 2013. Shirika la Afya Duniani lilitangaza ndui kuwa "eradicated" Mei 1980. Hata hivyo virusi vyake bado vimefungiwa katika maabara mbili, moja Atlanta, Marekani, na nyingine Koltsovo, Urusi, na kwa sababu hiyo wataalamu hawasemi "extinct", yaani kutoweka kabisa. Hata baada ya kung'oa mizizi kuna daraja lingine.

La pili ni sotoka, tauni ya ng'ombe, iliyotangazwa kuwa imekwisha duniani mwaka 2011. Wafugaji wa Afrika Mashariki wana historia yao nayo. Iliingia Pembe ya Afrika mwishoni mwa miaka ya 1880, ikashuka kusini, na Wamasai walipoteza karibu mifugo yao yote, njaa na ndui zikafuata. Kipindi hicho wanakiita emutai, kwa maana ya kumalizwa. Vitabu vya historia vya Kiingereza vimeliazima neno hilo kama lilivyo, na nadhani vimefanya vyema.

Juu kabisa ya ngazi wapo "annihilate" na "obliterate". La kwanza lina ndani yake neno la Kilatini la "hakuna kitu": ni kukifanya kitu kiwe si kitu. La pili linahusu herufi, ni kufuta maandishi hadi yasisomeke. Yote mawili yanadai kwamba hata alama haikubaki, na dai kubwa namna hiyo hupimwa. Juni 2025, baada ya ndege za Marekani kushambulia vituo vya nyuklia vya Iran vya Fordow, Natanz na Isfahan, Rais Trump alisema vilikuwa "completely and totally obliterated". Jenerali Dan Caine, mkuu wa majeshi, alisema vimepata "extremely severe damage and destruction". Kwa siku kadhaa Washington ilibishana juu ya nafasi iliyopo kati ya kauli hizo mbili, na ubishi huo haukuwa wa wanasarufi. Kilichofutika hakina haja ya kushambuliwa tena. Kilichoharibika vibaya kinaweza kufufuliwa, na swali linakuwa ni kwa miezi au kwa miaka. Ukiyaweka yote mawili chini ya "kuharibiwa vibaya", msomaji wa Kiswahili hatajua waligombania nini.

Swali la nia ndilo linalotenga "vandalism" na "sabotage". Wavandali, watu wa jamii ya Kijerumani ya kale, waliuteka mji wa Roma mwaka 455 na kuupora kwa siku 14, lakini jina lao liligeuzwa kuwa la kosa zaidi ya miaka 1,300 baadaye, mwaka 1794, pale kasisi Mfaransa Henri Grégoire alipotafuta neno la kuwalaani waliokuwa wakivunja sanamu na kuchoma vitabu katika Mapinduzi ya Ufaransa. "Vandalism" ni kuharibu kwa ukaidi au chuki, bila faida kwa mharibifu. "Sabotage" lina faida inayotafutwa: unavuruga kazi ili mwenye kazi ashindwe. Watu hupenda kusimulia kwamba wafanyakazi wa Ufaransa walikuwa wakitupa viatu vyao vya mbao ndani ya mashine, ila hadithi hiyo haina ushahidi. Kitenzi chao kilimaanisha kufanya kazi ovyo. Kiingereza kilikipokea karibu na mgomo wa reli wa Ufaransa wa 1910.

Sisi tuna hujuma, na Tanzania ililipa neno hilo mwili. Mwaka 1983, Edward Sokoine akiwa Waziri Mkuu, msako dhidi ya wahujumu uchumi ulipita nchi nzima, ukiwa na sheria yake maalumu iliyofuatiwa na nyingine mwaka 1984. Mtu aliyeficha sukari na sabuni ghalani hakuvunja chochote. Bidhaa zilikuwa nzima, zimepangwa vizuri. Hata hivyo alishtakiwa kwa neno la uharibifu, kwa kuwa kilichodaiwa kuharibiwa ni mwenendo wa uchumi wenyewe.

Nimeyaacha mwisho maneno ambayo kuyakosea kunaumiza watu walio hai. "Holocaust" ni neno la Kigiriki la sadaka iliyoteketezwa nzima. Wayahudi wengi hawalipendi kwa sababu hiyo hiyo, maana waliouawa na Wanazi hawakuwa sadaka kwa yeyote, na wanachagua neno la Kiebrania, Shoah. Huko Marekani mwanazuoni Marimba Ani alichukua neno letu maafa na kuliita hivyo janga la utumwa na yaliyofuata. Wote wawili wanakataa picha iliyofichwa ndani ya neno la wengine.

"Genocide" ni changa kuliko wengi wanavyodhani. Agosti 1941 Winston Churchill alisema redioni kwamba dunia iko mbele ya uhalifu usio na jina. Jina lilikuja 1944, kwenye kitabu cha Raphael Lemkin, mwanasheria Myahudi wa Poland, aliyeunganisha neno la Kigiriki la ukoo au kabila na la Kilatini la kuua. Kimbari ya Kiswahili, iliyotokana na mbari, inalifuata kwa karibu. Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa 9 Desemba 1948 ukalipa maana ya kisheria: matendo yanayofanywa kwa nia ya kuangamiza, lote au kwa sehemu, kundi la kitaifa, kikabila, la rangi au la kidini. Matendo yametajwa matano, na kati yake yapo yasiyohitaji kumuua mtu yeyote, kama kuzuia watoto wasizaliwe ndani ya kundi, na kuwahamishia watoto wake kwenye kundi jingine kwa nguvu. Kitenzi kilichotumika hapo ni "destroy" lile lile la Beira, kufumua kilichojengwa. Safari hii kinachofumuliwa ni kundi.

Uzito wa neno hilo ulionekana mwaka 1994. Watu wakiuawa Rwanda, wasemaji wa serikali ya Marekani walikubali kutamka "acts of genocide", vitendo vya mauaji ya kimbari, huku wakikwepa kusema kwamba mauaji ya kimbari yenyewe yanatendeka, kwa kuwa mkataba unazitaka nchi ziyazuie. Novemba mwaka huo Baraza la Usalama likaunda Mahakama ya Kimataifa ya Jinai kwa Rwanda, iliyokaa Arusha hadi mwisho wa 2015. Ilikuwa Arusha, 2 Septemba 1998, ambapo Jean-Paul Akayesu, aliyekuwa meya wa Taba, alikuwa mtu wa kwanza kutiwa hatiani na mahakama ya kimataifa kwa kosa la "genocide". Hukumu hiyo hiyo ilimtia hatiani pia kwa "extermination", kama kosa dhidi ya ubinadamu.

Kwa nini makosa mawili? Kwa sababu "extermination" ni kuua watu kwa wingi katika mashambulizi dhidi ya raia, na mwendesha mashtaka halazimiki kuthibitisha kwamba muuaji alitaka kundi lao lisiwepo tena. Kwa "genocide" nia hiyo ndiyo roho ya kosa. Katika Kiswahili cha habari, "mauaji ya halaiki" limekuwa likibeba vyote viwili, pamoja na kila tukio lenye maiti wengi. Mimi nayatenga hivi: "mauaji ya kimbari" kwa "genocide" peke yake, "maangamizi" kwa "extermination", na "mauaji ya halaiki" kwa habari ya asubuhi, pale makaburi yameonekana na idadi inajulikana, lakini nia ya waliofanya bado inabishaniwa.